Waliokuja Kumlilia Papa Kesho

Bukavu, Jumapili 14 Septemba 2025

Maman Adolphine,

Nakuita hivyo hata kama umeshakuwa mtu wa New York, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu na sina namna nyingine ya kulitaja. Barua yako Placide, kijana wetu wa kuvuka mpaka, alinivushia kutoka Kamembe siku ya Alhamisi, ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Hii nayo ataipiga picha akifika upande wa pili wa Ruzizi, halafu akutumie. Usiniandikie tena kwenye simu. Njiani simu zinafunguliwa na kusomwa, na mimi sina nguvu za kumweleza kijana mwenye bunduki nani ni nani katika familia yangu.

Unasema mchezo unaoufanyia kazi unakufa. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mama yako, na wote wawili hatujaelewa. Wanamuziki chumba kizima, waimbaji wenye sauti za ajabu, jukwaa linalozunguka lenyewe, na wewe nyuma ya pazia unawabadilisha nguo watu kabla hawajamaliza kupumua. Halafu viti havijai? Katika mji ule wote? Mimi ningepewa taa mbili tu zinazowaka kwa wakati mmoja, ningejaza ukumbi wa parokia mpaka Pasaka. Nieleze taratibu. Maisha yangu yote nimefundisha Kifaransa na kuchezesha wanafunzi michezo ya kuigiza, lakini hili la Broadway yenu limenishinda.

Mimi pia nina mchezo, usicheke. Ni ule wa "Papa Kesho Amekufa" niliomwandikia Luc mwaka jana. Unamkumbuka Papa Kesho, mchoyo ambaye kila anayemwomba kitu humjibu "kesho". Anajifanya amekufa ili asikie watu watamsema vipi. Analazwa katikati ya jukwaa chini ya shuka, Nsimire anayeigiza mjane wake analia, majirani wanaingia kwenye kilio mmoja mmoja, mpaka mtu anapitisha sahani ya visamaki vya sambaza vya kukaanga karibu na pua ya marehemu. Hapo anaketi ghafla: "Na mimi je, munaniachia ngapi?" Watu wanatakiwa waanguke kwa kicheko. Anayelala chini ya shuka sasa ni Hugues. Nafasi ni ya Luc, nimemwazima tu, na nimemwambia hivyo usoni.

Kuhusu kaka yako Luc hakuna jipya. Gari alilopanda kutoka Bunyakiri wiki ile ya mwezi wa pili, mji wetu ulipoingia mikononi mwa wengine, halijaonekana, wala dereva, wala walimu wenzake waliokuwa ndani. Wengine wanasema wamekwama porini upande wa Hombo, wengine wanasema walivuka nchi. Mimi nasema yuko hai. Kilio hakitawekwa nyumbani kwangu kwa mtu ambaye sijamwona amelala. Mama yako nimemwambia, majirani nimewaambia, na shangazi yako Euphrasie aliyekuja kutoka Nyangezi na mkeka kwapani nimemrudisha Nyangezi na mkeka wake.

Tunaanza Jumapili ijayo mchana, ili watu wafike nyumbani kabla ya giza. Benki bado zimefungwa, kwa hiyo mlangoni mtu atatoa alichonacho, hata maharagwe. Tuombee tupate watu.

Papa yako,
Théodore


New York, 5 Oktoba 2025

Papa,

Nimesoma barua yako ndani ya treni nikacheka peke yangu. Hapa mtu akicheka peke yake wenzake wanasogea, kwa hiyo nilipata nafasi ya kukaa. Asante.

Umetaka nikueleze, basi sikiliza. Viti vyetu havijai kwa sababu hakuna anayetujua. Mchezo wetu ni hadithi mpya, ya wanawake wa kiwanda cha vifungo waliogoma zamani. Ni mzuri, Papa. Nimeuona kutoka pembeni kila siku na bado kuna wimbo mmoja unanifanya nisahau sindano mdomoni. Lakini hakuna aliyeuona kwenye sinema kabla, hakuna aliyeimba nyimbo zake utotoni, hakuna sura ya televisheni kwenye bango. Ng'ambo ya barabara kuna mchezo uliotokana na filamu ya watoto, umejaa tangu nifike nchi hii. Kwenye jengo la pembeni yake kuna mwigizaji mkubwa wa sinema ambaye kila mara anasahau maneno, na watu wanapanga foleni kwenye mvua ili wamwone akisahau. Tiketi ni ghali mno. Mtalii amekuja mara moja katika maisha yake, na mke, na watoto, hataki kubahatisha. Anataka kucheka na kulia mahali ambapo tayari anajua atacheka na kulia. Na mwaka huu watalii wa nje wenyewe wamepungua.

Magazeti yalitusifu sana tulipoanza. Sifa hazimlipi mwenye jengo. Mapato yakishuka chini ya kiwango walichoandikiana, ana haki ya kututoa na kuingiza mchezo mwingine, na nje kuna wengi wanaongoja. Kila wiki mapato ya kila jengo yanatangazwa, mji mzima unasoma. Siku hiyo sisi wa nyuma tunaongea chini chini kama nyumba yenye mgonjwa. Wakubwa wamekata nyimbo mbili, wamebadilisha bango, wanauza tiketi kwa nusu bei kwenye kibanda cha pale uwanja wa katikati ya mji. Haisaidii. Mimi naendelea kukaza vifungo kwenye magauni, maana ndilo jambo pekee ninaloweza kufanya.

Wewe usifanye kosa letu. Watu waambiwe mapema kwamba ni kichekesho. Tuma mtu na kipaza sauti pale Nyawera, sokoni, penye watu wa pikipiki. Na ile sehemu ya kilio, Papa, naikumbuka uliponisomea: ni ndefu! Ikate. Sambaza zifike haraka, watu wacheke, waende nyumbani wakasimulie wenzao.

Kuhusu Luc niko pamoja nawe. Yuko hai. Mtu yeyote asikulazimishe kusema vingine.

Msalimie Maman. Kwenye barua yako hukuniandikia anaendeleaje.

Adolphine


Bukavu, Jumapili 26 Oktoba 2025

Maman Adolphine,

Nimefuata ushauri wako neno kwa neno, na sasa sijui nikuandikie kwamba nimefaulu au nimeshindwa. Ukumbi unajaa. Unajaa mpaka watu wanasimama dirishani. Lakini hakuna anayecheka.

Jumapili ya kwanza walikuja wachache, wakacheka kidogo, wakaenda. Jumapili ya pili, majirani wa jukwaani walipoanza kuingia kwenye kilio, mama mmoja akatoka kwenye benchi, akaja mbele, akaketi chini na kunyoosha miguu, akaanza kulia. Nilidhani amekunywa. Nikamtuma Apollinaire wa kikundi chetu akamtoe kwa heshima. Apollinaire alirudi macho mekundu, akaniambia: "Papa Théodore, ule mama iko nalilia bwana yake. Alibakia mu njia, hawakumuzika." Kabla hajamaliza kusema, wengine walikuwa wameshashuka kwenye mabenchi.

Tangu hapo wanakuja na mikeka. Wanakuja waliopoteza mtu njiani, na waliomzika mtu shambani wakikimbia, bila misa, bila jirani kufika. Wanaingia na vitenge vyao vya msiba, wanaweka maharagwe na mkaa na bahasha miguuni kwa Hugues kama mchango wa kilio, na wanaita majina ambayo mimi sikuyaandika. Apollinaire anazunguka Nyawera na kipaza sauti: "Papa Kesho amekufa! Mukuye mucheke!" Wanakuja, kweli, vitambaa vya kufutia machozi mkononi.

Nikasema labda Adolphine amesema kweli, sehemu hiyo ni ndefu. Nikaikata. Jumapili iliyopita sambaza zikafika mapema, Hugues akaketi, akasema neno lake vizuri sana. Halafu sauti ya mama mmoja kutoka chini: "Papa Théodore, mumulalishe tena. Hatuyamaliza kulia." Hakuwa na hasira, aliniomba tu. Hugues akanitazama pembeni. Mimi ndiye mkubwa wa kikundi, nimeandika kila neno la mchezo ule, na nilimwonyesha shuka kwa kidevu. Akalala tena. Wakalia mpaka mlinzi wa parokia alipokuja na funguo.

Padri amefurahi, anataka tuonyeshe na Jumatano. Delphin wa kikundi cha Kadutu, mwenye mchezo mzuri kuliko wangu, wenye ngoma na vijana wanaocheza vizuri, wiki hiyo hiyo alipata watu wa kujaza benchi moja. Alikuja nyumbani kuniuliza siri. Nilimwambia siri ni mazoezi. Nikaona haya hata mbele ya kuku wa jirani.

Kuna jambo lingine. Jumapili iliyopita mama yako alikuwa chini, mstari wa mbele, pamoja na Euphrasie. Nyumbani nikamuuliza alikuja kumlilia nani. Akasema: "Miye nilikuya kuona tu teyatre yako, Papa Luc." Nimemwambia kwamba sitaki kumwona pale tena. Alinijibu ndiyo, kwa upole, na leo alikuwepo.

Nifanyeje? Nikiufunga mchezo, nawafukuza watu wote wale. Nikiuendeleza, mama yako anamzika mwanangu mbele yangu kila Jumapili. Wewe unaona michezo kila siku. Nieleze mtu anafanyaje na ukumbi uliojaa namna hii.

Papa yako,
Théodore


Bukavu, 9 Novemba 2025

Binti yangu Adolphine,

Papa yako hajui kwamba nimekuandikia. Barua hii nimempa Placide kwa mkono wangu.

Wewe unajua mimi siyo mtu wa maneno. Tangu mwezi wa pili nalala kitandani kama mtu asiyefiwa. Napika, nafua, naenda Nyawera kuuza mboga, na wanawake wenzangu wakiniona wanageuza uso. Siyo kwa ubaya. Hawajui waniambie pole au waniulize habari za Luc. Mama Bibiane, tuliyeuza pamoja tangu wewe uko mdogo, amehamisha meza yake ili tusitazamane.

Mtoto wangu amekufa. Sijaona mwili na hakuna mtu aliyenipigia simu. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, na nimeshajua. Papa yako akinisikia nasema hivyo anatoka nje, anatembea mpaka barabarani na kurudi, mara nyingi, kisha anakuja kuniambia kwamba Luc atakuwa amekonda, tumtafutie suruali ndogo. Alishainunua. Imetundikwa mlangoni.

Siwezi kumpinga mume wangu ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana nilikwenda ukumbini. Siku ile nimelia mpaka usiku nikalala usingizi, usingizi wa kweli, kwa mara ya kwanza. Lakini hainitoshi, mwanangu. Pale namlilia Papa Kesho, na mwisho wake Papa Kesho anaamka anaomba sambaza. Mimi kila Jumapili naona wa kwangu haamki.

Papa yako anakusikiliza wewe. Mwandikie aweke kilio. Tupate misa, nikae chini nyumbani kwangu, watu wapite waseme pole. Siombi kingine.

Mama yako,
Madeleine


New York, 23 Novemba 2025

Maman,

Nimemwandikia Papa mara nyingi, na kila barua nimeichana. Maneno yanafika mpaka "weka kilio" halafu mkono unakataa. Nikimwandikia hivyo nitakuwa ni mimi niliyemuua Luc, kutoka huku mbali nilipokaa na joto la radiator. Halafu nasoma tena barua yako, naona wewe na suruali ile mlangoni. Nimechanganyikiwa, Maman. Nimekaa katikati yenu na sina faida kwa yeyote.

Nilitaka nije. Uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa, ningepitia Kigali. Lakini wakili wa hapa ameniambia nikitoka sasa, na karatasi zangu zilivyo, huenda nisirudishwe ndani. Nimekata tiketi kichwani kila usiku, asubuhi naenda kazini.

Kazi yenyewe imekwisha. Wiki iliyopita, mchezo wa mchana ulipomalizika, walituita sote jukwaani, waigizaji bado wana nguo za kiwandani, wakatuambia tunafunga tarehe saba mwezi wa kumi na mbili. Mwenye jengo ameshapata mchezo mwingine, wenye jina kubwa. Msichana mmoja alilia akaloweka kola niliyotoka kuipiga pasi. Na sasa sikia jambo la ajabu: tangu watangaze kwamba tunafunga, viti vyote vimejaa. Wanakuja hata wale waliokaa mtaa wa pili mwaka mzima bila kuingia. Wanataka kuaga. Wanapiga makofi wamesimama, wanalia, wananunua fulana. Nilimuuliza meneja kama sasa tunaweza kuendelea. Akasema hapana, karatasi zimeshatiwa saini, na hata hivyo hawa hawakuja kwa ajili ya mchezo, wamekuja kwa sababu unakufa.

Nilisimama pale na magauni mikononi nikamfikiria Papa na ukumbi wake. Nilimwandikia akate kilio! Mimi, mtoto wa kwenu, nilikaa huku nikaona kwamba kilio ni kirefu.

Nisamehe, Maman. Siwezi kumwambia Papa. Endelea kwenda na mkeka wako.

Adolphine


Bukavu, Jumatatu 15 Desemba 2025

Maman Adolphine,

Nilinyamaza muda mrefu. Nitakueleza yote kwa mpangilio, kisha Placide aichukue barua kabla sijabadilisha mawazo.

Hugues ameondoka. Aliamka na mke na watoto, wakavuka. Aliniachia salamu kwa Nsimire. Jumapili tarehe saba watu walikuwa wameshajaa na hatukuwa na marehemu. Nsimire akanitazama. Katika kikundi hakuna mwingine anayejua mchezo wote, na vijana wote walikataa kulala chini ya shuka ile, wakisema sasa ni shuka ya watu wengi. Nikavua viatu, nikalala mimi.

Mchezo ule niliuandika nikiwa mezani na kikombe cha chai. Niliona ni kichekesho kikubwa, mtu amelala, anasikia yote, hawezi kujibu. Chini ya shuka siyo kichekesho. Kuna joto, na sauti zinafika zote, na huwezi kusogea. Niliwasikia wakiingia na mikeka. Niliwasikia wakianza, mmoja, kisha wote. Nilisikia majina. Nilisikia kilo ya maharagwe ikiwekwa karibu na mguu wangu, taratibu, ili isiniumize.

Kisha mtu akanishika miguu kwa mikono yote miwili, na mikono ile naijua tangu nikiwa kijana. Mama yako hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu jikoni: "Luc wangu. Ulikuwa nakuya nyumbani. Siku ile ulikula nini? Nani alikupatia mayi ya kunywa?" Halafu akasema: "Papa yako hapendi nikulilie. Usimukasirikie. Iko nakungojea kila siku. Miye nilichoka kungojea, mutoto wangu. Siweze tena."

Miezi yote hiyo mama yako hajawahi kuniambia kwamba amechoka. Au aliniambia, nami nikatoka nje kutembea.

Sambaza zikapita. Nilizinusa. Neno langu nalijua, nimeliandika mwenyewe. Nsimire alingoja, akaona siamki, akapita nazo tena, mara hii akakohoa. Maman, ningeamka kama nani? Amenishika miguu anaita jina la mwanangu. Ningeketi na kuomba sambaza, ningemfanyia mzaha mtu aliyebakiwa na machozi tu. Nikajiambia basi nitalala mpaka wamalize. Halafu nikaona kwamba nalia. Nilijaribu kuzuia, nikauma shuka. Ilikuwa inatikisika, watu wote waliona marehemu analia, na hakuna aliyecheka. Nilimlilia Luc. Nilisema jina lake mle ndani kwa sauti, na mama yako akasikia, akakaza mikono.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nilisikia watu wanasimama. Wakaanza kupita kwa mstari kama wanavyopita nyumbani kwa mfiwa. Walimpa mkono mama yako, kisha wakainama wakanipa mimi, hivyo hivyo nimelala. "Pole, Papa Luc. Jikaze." Mkono wangu ulitoka chini ya shuka, nikaupokea kila mkono. Delphin wa Kadutu alikuwepo. Hata yeye alisema pole, na hakuniuliza siri.

Tulirudi nyumbani tukiwa watatu na Euphrasie. Nilikunja suruali ile iliyokuwa mlangoni, nikampa mama yako aiweke atakapo. Tukatoa viti nje. Usiku ule ule nyumba ilijaa, wanawake ndani chini, wanaume uani kwenye moto. Mama Bibiane alikuwa wa kwanza kufika, na sufuria kubwa. Jumamosi padri alisoma misa. Kaburi hatuna. Hilo siwezi kulirekebisha na sitajidanganya kwamba nitalirekebisha.

Jana ilikuwa Jumapili. Niliwatangazia kwamba hakuna mchezo, kikundi kiko kwenye msiba, hatuna hata mtu wa kulala chini ya shuka. Apollinaire alizunguka na kipaza sauti kuwaambia wasije. Mchana nikaenda kufunga mlango wa ukumbi, nikakuta umejaa mpaka nje. Waliokosa mikeka wameketi kwenye saruji. Nsimire akaniuliza: "Papa, tunacheza nini leo?" Nikamwambia hatuchezi kitu. Jukwaani hapakuwa na kitu kabisa, hata taa hatukuwasha, na hakuna aliyedai. Nilitafuta nafasi nikaketi chini pamoja nao.

Najua umesoma mpaka hapa ukingoja niseme kwamba kuna habari fulani kutoka Hombo, kwamba mtu amemwona. Hakuna. Nilikuwa nakuandikia kila mara kwamba yuko hai, nawe ukaniunga mkono ili usiniumize. Sasa ni zamu yangu kukuambia, na ningependa nikuambie nikiwa nimekushika mkono.

Pole sana, binti yangu. Umefiwa na kaka yako.

Papa yako,
Théodore